Pesa Iliyowekwa Karantini

Siku serikali ilipotangaza kwamba ndege za nje zimesimamishwa kwa sababu ya korona, watu wengi Eldoret walishika vichwa. Byron Mulongo alishika kiuno, akacheza peke yake ofisini akizunguka meza, halafu akamwomba Mungu amsamehe kidogo.

Alikuwa na sababu. Alikuwa amewauzia wazee watatu wa Kiplombe safari ya Yerusalemu, pamoja na hoteli na kubatizwa mto Yordani, na hakuwa amenunua hata tiketi moja. Pesa yao iliingia kwake ikatulia. Kilichomnyima usingizi ni atasema nini siku ya safari ikifika. Sasa ugonjwa umetoka mbali, bila kuitwa, ukamfutia safari yote. Kuna watu hubarikiwa hata na majanga.

Wazee walipopanda ngazi kuja ofisini, juu ya duka la mbegu, aliwapokea na barakoa mpya na macho ya matanga.

Mbele alikuwa Mama Kageha, muuza mboga, aliyepanga kurudi na chupa ya maji ya Yordani, aiongezee maji ya Sosiani, mto wa hapo mjini, kidogo, auze kwa kifuniko. Nyuma yake Mzee Kigen, mkulima, ambaye haja yake ilikuwa picha moja tu akiwa juu ya ngamia, iwekwe kwenye programu ya mazishi yake, kwa maana ndugu yake alizikwa na picha ya trekta na watu wakaisifu sana. Mwisho akaja Mama Tryphosa Nasambu, nyanya wa wajukuu wengi. Huyu aliuza ng'ombe wawili wa maziwa, na hakuwa na wa tatu. Alipanda pole pole, akaketi, akaweka mikono kwenye mapaja.

"Kijana, tupe pesa yetu," Kageha akasema kabla ya salamu.

"Mama, ningekupa hata jana. Shida ni kwamba pesa yenu iko karantini."

"Pesa?"

"Si ilishatumwa ng'ambo? Imeshikwashikwa na wazungu huko, mkono kwa mkono. Haiwezi kuingia Kenya hivi hivi ikatuua. Wameifungia pahali, wanaipima joto."

"Noti ni kitu chafu, hiyo ni kweli," Mzee Kigen akasema.

"Asante, Mzee. Mtu mwenye akili huonekana. Sasa kila mmoja atoe kitu kidogo ya dawa ya kuiosha, itoke haraka."

Mungu ni shahidi, walitoa. Byron mwenyewe alishangaa.

Mama Tryphosa peke yake ndiye aliyeuliza. "Ikipona, mwanangu, itafikia wapi?"

"Kwangu, Mama. Mimi ndio ajenti."

"Kwako hapa ama kwako nyumbani?"

Byron alikuwa anafunga ofisi kesho yake ahame kimya kimya. "Nyumbani," akasema.

"Sawa. Hakuna haraka. Tutaingojea."

Byron alidhani hayo ni maneno ya kuaga.

Kesho yake jioni, kafyu ikikaribia, alisikia hodi. Alikuwa amepanga nyumba Elgon View, ile ya maji moto kutoka ukutani, na hakuwa amemwonyesha mteja yeyote. Lakini Kageha alikuwa akitembeza sukuma wiki mtaa huo. Alijua kila geti, na mbwa wote aliwaita kwa majina.

"Mama, mnafanya nini huku? Saa moja ikifika polisi watawachapa!"

"Ndio sababu tumekuja na blanketi," Mama Tryphosa akasema, akipita.

Mtu anaweza kula ng'ombe wa nyanya wa wenyewe bila hata kutema mate. Lakini kufukuza wazee jioni, rungu ziko barabarani na majirani wako madirishani, hiyo hata Byron hakuwa ameisomea. Akapika ugali.

Asubuhi akawafungulia mlango mpana. Hakuna aliyeinuka.

"Sisi tukitoka na pesa ije?" Kageha akauliza.

"Nitawapigia simu!"

"Utasumbuka bure, mwanangu," Mama Tryphosa akasema. "Tuko tu."

Wakawa tu. Mzee Kigen alichukua kile kiti kinachoangalia televisheni, na kila sahani aliiombea mpaka chakula kikapoa. Kageha alipanga jikoni upya, Byron akawa anaomba ruhusa kuchukua kijiko. Mama Tryphosa alikaa karibu na mlango, na kila pikipiki ikipita aliuliza, bila hasira yoyote, "Ndiyo hiyo?"

Kabla wiki haijaisha Byron akakumbuka ugonjwa wenyewe. Akatoka nje kwenye ua, akakohoa kama gari la mkaa likipanda mlima wa Timboroa. Akarudi ndani ameshika kifua.

"Wazee wangu, sikuwaambia. Nilisalimiana na mzungu. Kimbieni muokoe maisha!"

Mzee Kigen alisogeza kiti nyuma kidogo, lakini si mbali na televisheni. Mama Tryphosa akainuka. "Umekuwa peke yako na ugonjwa, na mama yako hayuko! Kageha, chemsha maji. Weka limau, tangawizi na majani ya mkaratusi."

Walimfunika blanketi juu ya sufuria. Kageha akashika kichwa kisitoke.

"Naungua!"

"Ndiyo inatoka hiyo. Vuta!"

"Imepona! Pesa imepona!" Byron akalia chini ya blanketi. "Niachilieni, nawatumia sasa hivi!"

Akatuma kwa simu, macho yakichuruzika, nauli yote na ile ya dawa ya kuoshea. Simu tatu zikalia. Mama Tryphosa alimpa Mzee Kigen amsomee ujumbe, akasomewa mara ya pili, ndipo akampigia mkwewe Kiplombe akawanunue tena ng'ombe wake wote wawili kabla ya jua kuchwa. Kisha wakakunja blanketi.

Walikuta geti limezibwa na gari jeupe. Brenda, jirani anayeosha hata pakiti za maziwa, alisikia kile kikohozi akapiga simu. Afisa wa afya, amevaa plastiki mwili mzima, akainua mkono.

"Hakuna kutoka. Wote karantini, hapa hapa, wiki mbili."

"Mimi si mgonjwa!" Byron akapiga kelele. "Nilikuwa nadanganya! Hawa niliwaibia, nikataka waende!"

Ulikuwa ukweli wake wa kwanza mwaka huo.

"Joto limempanda kichwani," afisa akaandika. "Na chakula ni juu ya mwenye nyumba."

Mwenye nyumba hakuwa na kitu. Televisheni ikapitishwa juu ya geti ikarudi unga. Jokofu likarudi nyama, sofa likarudi mchele na mafuta. Kageha ndiye aliyekuwa akielewana bei na wanunuzi, akijikatia kidogo ya kazi. Mzee Kigen alisikitikia televisheni kuliko wote.

Siku ya kufunguliwa, wazee walitoka mashavu yameng'aa. Byron alikuwa ameketi sakafuni, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Mama Tryphosa akarudi mlangoni, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Asante, mwanangu. Safari nyingine ukipanga, usituache."