Halowini ya Handeni

Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Binti yangu Ikram amepiga simu. Haji tena.

Aliahidi mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba mwisho wa wiki hii anapanda basi kutoka Dar es Salaam kuja nyumbani. Tangu Idi hatujamwona. Nimeshaupaka rangi mlango wa chumba chake. Bluu! Leo anasema, baba nisamehe, wikiendi hii kuna Halowini. Nikadhani ni mgonjwa wa ofisini kwao. Kumbe ni sherehe. Anasema jiji zima lina mambo: hoteli moja wametengeneza nyumba ya mizimu, kwingine wanashindana kuchonga maboga, watu wanavaa kama maiti, watoto wanagawiwa pipi, bendi mchana kutwa. Yeye na wenzake wameshashona nguo za kutisha.

Nikasema vizuri sana, starehe mwanangu, hata sisi huku tuna shughuli nyingi mno. Halafu nikaenda uani nikakaa juu ya viti vyangu vya plastiki, vile ninavyokodisha kwenye harusi.

Mke wangu Shamsia akaniuliza kwa nini sikumwambia mtoto kwamba nimemkumbuka. Maswali mengine bwana! Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, aseme hivyo kwenye simu?

Wazo limenijia nikiwa nanawa mikono. Ikiwa mtoto anafuata Halowini, basi Halowini ije Handeni. Maboga ni yetu. Mizimu ni yetu tangu enzi za mababu. Viti na mahema ninavyo. Jiji lina nini cha zaidi?

Nimemwandikia Ikram: Jumamosi kuna Halowini kubwa hapa kwetu. Amejibu kwa kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Nimehesabu kwamba ni ndiyo.

Jumanne, 29 Oktoba

Kwa mtendaji wa kata, kuomba kibali. Ofisini kumejaa watu wa fomu za uchaguzi wa mitaa. Mtendaji, mama Fausta, akaniuliza nagombea nini. Nikamwambia sigombei, naomba kibali cha mizimu.

Kalamu ikatua mezani.

Akauliza mizimu mingapi, na itatokea wapi. Nikaeleza. Akanieleza naye, kwa upole, kwamba serikali inatambua harusi, mikutano, michezo na ibada. Mizimu haina mahali pake kwenye karatasi. Tumeandika "Siku ya Boga". Akagonga muhuri. Mwanamke mwenye akili.

Natoka mlangoni, nani huyo? Dunstan. Dunstan ana spika sita na mdomo mmoja unaozishinda zote. Toka tukiwa wadogo, nikifanya jambo naye analifanya, kwa kelele zaidi. Naye ana kibali: bonanza uwanjani, kufukuza kuku, kuvuta kamba, mbio za magunia. Lini? Jumamosi hiyo hiyo! Akaniuliza kama Ikram anakuja. Kabla sijafungua kinywa akasema mwanawe Valentino yuko njiani, kila mwisho wa mwezi lazima aje, wala haitwi.

Wala haitwi! Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Jumatano, 30 Oktoba

Sokoni Handeni hakuna boga hata la dawa. Ukame. Mama mmoja alicheka mpaka akashika meza. Jirani yetu Agripina, Mshambaa, mtani wangu, akanielekeza kwa kaka yake Semboja kule Mpale. Basi mpaka Korogwe, kisha pikipiki kupanda mlima, mgongo ukilalamika kila kona.

Semboja alikuwa nayo, ameyatunza darini jikoni. Alinikaribisha chai, akateremsha boga la kwanza, zuri, zito, akauliza tunapika lini. Nikamwambia hatupiki, tunachonga macho na meno.

"Na nyama yake?"

"Inatupwa."

Akalirudisha darini.

Ilibidi niape. Akasema Mzigua hamwamini kwa maneno matupu, niape nimesimama, tena mbele ya mke wake: hakuna kijiko cha boga lake kitakachotupwa. Nikaapa. Akanipa kumi na moja. La kumi na mbili akaliweka pembeni kwenye mfuko wake, akasema hili ni la mama yako, msalimie sana. Nimesinzia njia nzima nikiwa nimelipakata.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimechonga tangu asubuhi. La kwanza limetoka na sura ya Dunstan. Sikukusudia. La pili lilibomoka kidevu. Nikayaacha, nikaenda dukani kutafuta nguo za mizimu, maana Shamsia amekataa katakata kutoa mashuka, na ili nisiyachukue amekaa juu yake.

Nikaomba kitambaa cheupe. Mwenye duka akauliza kiasi gani. Nikasema kinachomtosha mtu mzima. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema innalillahi, poleni sana, bibi alikuwa mtu wa watu. Kichwa changu kilikuwa kwenye maboga. Nikamwambia ahsante sana, karibuni wote nyumbani, muwaambie na wengine.

Kurudi nyumbani, harufu nzuri. Mno! Mama yangu, Bi Mashavu, miaka themanini na mbili, amepika maboga tisa kwa tui la nazi. Tisa! Nikamuuliza kwa heshima zote kwa nini. Akasema amekuta mtu ameyaharibu mawili kwa kisu, akaona ayaokoe yaliyobaki. Nikanuna. Nimekula sahani mbili nikiwa nimenuna.

Nimezima simu tangu jana, ili Ikram akipiga ajue nina shughuli.

Ijumaa, 1 Novemba

Siku ya kutisha. Sijui nianzie wapi.

Tumetoka swala ya Ijumaa, nimefika nyumbani, nakuta watu wamejaa, na Shamsia hajarudi sokoni. Wanawake na kuni na ndoo za maji vichwani. Wanaume wameshusha viti vyangu, hema limeshasimama. Mimi na vijana wangu huwa tunachukua saa nzima! Moyo ukanijaa. Nikadhani wamewahi Halowini. Nikawapokea kwa mikono miwili, nacheka, nasema karibuni, karibuni, kesho ndiyo mtafurahi zaidi. Wakanitazama kwa huruma. Nikasikia mmoja anasema, uchungu umempanda kichwani.

Dunstan alikuwa ameshika nguzo ya hema, analia. Analia kweli. Zamani sana, tukiwa darasa la pili, mama alikuwa akimpa andazi kila asubuhi, kwa sababu kwao hawakuwa na chai. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

Ndipo mama akatokea nyuma ya nyumba na ufagio wake. Akawatazama wote.

"Mnamlilia nani?"

Agripina akaachia ndoo. Wengine wakakimbia, wengine wakamkimbilia. Dunstan alikaa chini palepale kwenye matope ya ile ndoo, akacheka na kulia kwa pamoja. Nikaelewa. Kitambaa! Nilitaka ardhi inimeze.

Mama hakukasirika. Alipita akiwashika mikono mmoja mmoja kama bibi harusi. Akawaambia si vizuri kurudi na njaa kutoka kwenye msiba wake, wale boga, na kesho warudi tena maana mwanawe ana jambo. Baadaye aliniambia kwamba amefurahi sana, ila kuna wawili walilia kidogo, amewaona.

Agripina alibaki nyuma. Akasema kesho ni siku yao Wakatoliki ya kuwaombea marehemu, watakwenda makaburini. Mume wake ana miaka mitatu pale. Akaniomba nisiwavishe watu vitambaa vyeupe kando ya njia wakati wanapita. Hakuninunia, hakupandisha sauti. Angefoka ingekuwa nafuu. Nikampa neno langu. Kitambaa nimekipeleka msikitini, kikafanye kazi yake kwa atakayekihitaji.

Halowini bila mizimu, basi. Na maboga mawili.

Nikawasha simu. Ikram alikuwa amepiga mara ishirini na tatu. Habari za msiba zilifika Dar kabla ya swala. Shamsia akasema amekwisha ongea naye, amemwambia bibi mzima, anafagia. Nikauliza, kama mtu asiyejali, sasa anakuja au haji. Hakusema, Shamsia akajibu.

Basi.

Jumamosi, 2 Novemba

Saa tisa alasiri. Viti themanini. Waliokaa: mimi, Shamsia, mama. Maboga mawili mezani, midomo imeshaanza kunywea kwa joto. Kutoka uwanjani spika za Dunstan zinatangaza kuku.

Bodaboda ikasimama. Akashuka msichana na begi mgongoni, kanga kiunoni. Sikumtambua mara moja. Amekonda.

"Shikamoo baba. Bibi yuko wapi?"

"Marahaba. Anakuna nazi."

Akanipita mbio. Nilipofika uani walikuwa wameshikana, mama bado yuko juu ya mbuzi ya nazi, Ikram amepiga magoti, uso ameuficha shingoni kwa bibi yake. Mama ndiye aliyeanza.

"Kumbe mpaka nife ndiyo mje?"

Ikram alicheka huku anajifuta. Akasema jana aliposikia alikimbilia stendi kukata tiketi ya alfajiri, na mama yake alipompata kwenye simu tiketi ilikuwa tayari mkononi. Akakaa pale kwenye benchi, akajua bibi mzima, akajua sherehe ya Dar inamsubiri, nguo imeshonwa. Akaona hataki kuirudisha tiketi. Hivyo tu. Hakutaka.

Nikaenda kupanga viti. Vilikuwa vimepangwa.

Akanifuata, akayatazama maboga muda mrefu. "Baba, hii yote ulifanya kwa ajili yangu?" Nikamwambia hapana, hili ni jambo la jamii, lina muhuri wa kata. Akasema sawa. Akaja kukaa karibu yangu, kiti kimeegemea kiti.

Saa kumi na moja walitoka makaburini. Agripina alitangulia, udongo kwenye viatu. Alikuwa amebakiwa na mshumaa mmoja. Akautia mwenyewe ndani ya lile boga la kidevu kibovu, akawasha, akakaa akilitazama. Akasema mume wake angelicheka hili mpaka kesho. Akaanza kucheka yeye. Wanawake wenzake wakageuka kumtazama. Nadhani walikuwa hawajasikia kicheko hicho kwa muda. Mama akagawa boga, na lile lake la zawadi humo humo, sahani kwa sahani. Wale wa jana wote walirudi, hata wale wawili waliolia kidogo. Hao walipewa kidogo.

Mwisho akaja Dunstan. Kuku wake wametorokea kwenye minazi ya watu, bonanza limekwisha. Alikuja peke yake. Akakaa kiti cha nyuma, sahani magotini, haigusi. Nikamfuata nimtambie. Nilikuwa na maneno mazuri tayari! Nikamuuliza Valentino yuko wapi. Akasema kazi zimembana. Mwezi uliopita pia zilimbana. Na ule wa nyuma yake.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake.

Akamtazama Ikram aliyekuwa anamlisha bibi yake, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Adamu, wako ulimpataje?"

Nikafikiri. Nikamwambia ukweli.

"Maboga."

Akauliza, ya kuchonga au ya kupika. Nikamwambia yote mawili. Akatikisa kichwa, akakariri: yote mawili. Halafu akaanza kula.

Jumapili, 3 Novemba

Ikram ameondoka na basi la asubuhi. Amesema mlango wa bluu ni mzuri. Nilikuwa nimengoja tangu jana aseme.

Stendi alinishika mkono. "Baba, siku ukinikumbuka, usihangaike na sherehe. Nipigie, useme, Ikram nimekukumbuka. Nitapanda basi."

Nikamwambia sawa. Angalia begi lako.

Nikamuuliza, hivi hivi tu, Desemba anakuja lini. Akasema hajui, mwisho wa mwaka ofisi inawapeleka ufukweni Bagamoyo, siku nne, kuogelea na kucheza mpira mchangani. Basi likaondoka. Nilipunga mkono mpaka kondakta akadhani nasimamisha gari, wakasimama. Nikasema hapana, nendeni.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimempigia Ikram. Simu ilipokelewa haraka mno, sikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza kama kwao mvua imenyesha. Haijanyesha. Nikamwambia hata kwetu bado. Kisha akasema, "Na mimi nimekukumbuka, baba."

Sijui alikuwa anajibu nini. Mimi nimeuliza mvua.

Nimekaa nikapima mambo kwa kina, maana mtu lazima ajifunze kutokana na makosa. Kosa nimeliona: maboga yalikuwa machache. La pili, nilichelewa kuanza. Wiki moja haitoshi kwa jambo kubwa. Safari hii nina karibu miezi miwili.

Fundi wa matofali ameniahidi lori la mchanga, mweupe, safi. Turubai la kushika maji ninalo. Maji yenyewe ndiyo kitendawili, Handeni hatuna hata ya kuogea, lakini Shamsia amekwisha anza kuficha ndoo, kwa hiyo naona ameamini kwamba inawezekana. Jioni nimepima kiwanja cha nyuma kwa hatua. Hatua kumi na nne kwa tisa. Mawimbi yatakuwa madogo, lakini yatakuwepo.