Naomba Alfredi Arudishwe Gerezani

Gervasi Sulle,
Dirma, Hanang.

Ndugu Mhariri,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye mkubwa, basi marahaba, tuendelee.

Mimi ni mkulima na mfugaji, na ndiye niliyekuwa shahidi wa pili wa Jamhuri katika kesi ya jirani yangu Alfredi, aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumteka na kumuua Renatus, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Bashay. Renatus alitoka mnadani Katesh akiwa mzima, akaja kuokotwa korongoni akiwa maiti. Alfredi akafungwa miaka akisubiri kitanzi, nasi tukapumzika. Sasa majaji wa rufani wamemwachia. Mwezi uliopita kashuka kwenye basi na kimfuko chake, mkewe Fabiola akampokea kwa kilio, na mimi tangu siku ile chakula hakipiti. Malalamiko yangu ni haya.

1. Majaji wamesema ushahidi wa mazingira lazima uwe kama mnyororo usiokatika, na wetu umekosa pete. Jamani, nani kijijini ana mnyororo wenye pete zote? Wa mbwa wangu nimeuunga kwa waya na mbwa hajawahi kutoroka. Shahidi wa kwanza, Mama Perpetua, aliona mgongo wa Renatus na mgongo wa mtu mwingine wakielekea njia ya Nangwa. Huyo mwingine alivaa koti. Alfredi ana koti. Mtu anataka nini tena? Majaji wakajibu kwamba kwa baridi ya Hanang kila mwanamume ana koti. Sawa, lakini hao wengine hawakushtakiwa.

2. Maksai wa Renatus alikutwa zizini kwa Alfredi. Nilimtambua mimi mwenyewe kwa sikio la kushoto lililokatwa ncha, alama ya Renatus, nikaapa kwa Biblia. Alfredi akajitetea eti Renatus alimweka pale kwa urafiki tangu kabla ya masika, kwamba sisi watu wa huku tuna desturi ya mtu kuweka mnyama kwa rafiki ili majirani wasijue mali yake yote. Majaji wakaimeza hiyo. Ndugu Mhariri, hayo yalikuwa mambo ya babu zetu. Siku hizi hapa Dirma hakuna hata mmoja anayefanya hivyo, nasema bila kumung'unya maneno. Ng'ombe wa marehemu akikutwa kwako, wewe ndiye uliyemuua marehemu.

3. Msibani Alfredi hakulia. Mimi nililia mpaka watu wakanishika mabega. Katika hukumu yao ndefu, majaji hawakuandika hata mstari mmoja kuhusu machozi yangu.

4. Tangu arudi, Alfredi ananiamkia kila asubuhi, shikamoo kamili, wala hanuni. Mtu aliyefungwa bure angekuwa na hasira. Na angekuwa na hasira, ningesema huyo ana roho ya kuua. Nimeangalia pande zote, sioni pa yeye kutokea.

5. Kijiji kinaumia. Renatus aliuawa, hilo habishi mtu. Kama si Alfredi, basi ni mmoja wetu, na watu wameshaanza kutazamana kanisani. Ni haki kweli kijiji kizima kikose usingizi ili mtu mmoja alale kwake? Heri akae ndani yeye, ameshazoea.

Kwa hiyo naomba Alfredi arudishwe, na itungwe sheria kwamba yeyote atakayekutwa na mnyama wa marehemu anyongwe mara moja. Asipewe wakili, asisikilizwe habari za urafiki wala za desturi. Na rufaa zifutwe kabisa, maana ndizo zinazoleta haya yote.

Wasalimie wote hapo ofisini mpaka mlinzi wa getini. Huku mvua imeanza vizuri, na binti yangu Hilda anawasalimu.

Mimi mpenda haki,
Gervasi Sulle, shahidi.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Leo Fabiola amekuja kutafuta ndama wake aliyepotea, akapita zizini kwangu. Akasimama kwa yule ng'ombe jike mwekundu, akamshika sikio la kushoto. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Hilda, na huyu si wa Renatus?" Kisha akaondoka, na njia aliyoshika siyo ya kwao.

Ndugu Mhariri, ng'ombe huyo Renatus alimweka kwangu kwa urafiki tu, tangu kabla ya masika ya mwaka ule. Desturi yetu kila mtu anaijua. Na koti langu ni la baridi. Kwa hiyo lalamiko la pili usilichapishe, wala la kwanza, wala ile sheria. Ikiwezekana usichapishe chochote. Wale waheshimiwa majaji wafikishie heshima zangu, waambie rufaa ziendelee. Na kama unayo namba ya wakili wa Alfredi, naomba unitumie leo hii.