Pombe ya Posa Imeishia kwenye Injini Yako

Kitahana, Kibondo
15/7/2013

Kwako Mzee Hilali, mwenye pikapu,

Shikamoo mzee. Ni mimi Tharsisi, kibarua wako wa kupakia mahindi, yule niliyefiwa na mke. Sitaki ugomvi. Nataka haki.

Jumamosi nilipanda pikapu yako kwenda Heru Juu kumposa Rosa. Nilibeba madumu mawili ya urwagwa. Wewe pombe hunywi, basi nikueleze. Hiyo ni pombe ya ndizi, na kwetu mtu akienda kuposa bila hiyo hajafika. Hata akipewa kiti, hajafika.

Kabla ya Kabanga injini ikawaka moto, gari linatembea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dereva wako Pasikali aliruka, akafungua boneti, akachukua madumu yangu, akamwaga yote. Hakuomba. Na mchanga ulikuwepo, barabara nzima.

2. Moto ulizimika. Kwa hiyo gari lako limeponywa na posa yangu. Hapo nadhani tunaelewana.

3. Pombe ilinirukia shati lote. Nilikwenda kwa mguu mpaka Heru Juu, nikafika na madumu matupu, nanuka. Baba yake Rosa akanusa, akasema, "Karibu mkwe. Naona umeileta tumboni." Ukoo mzima ukacheka. Rosa naye akacheka. Hilo ndilo liliniuma.

4. Nikasema gari liliwaka. Wakasema kila mlevi ana gari lililowaka.

5. Wamenipa mpaka Jumamosi hii. Nikishindwa, kuna fundi cherehani wa Kasulu anangoja. Huyo anakuja na baiskeli, na baiskeli haiwaki moto.

Sasa naomba madumu mawili, na uyalete mwenyewe, uwe mshenga wangu. Wewe hunywi. Hakuna atakayesema tumeimaliza njiani. Gari nalo lije, hata kwa kuvutwa, liwe shahidi.

Nisalimie mama Khatibu na wote hapo nyumbani. Pasikali naye msalimie, ingawa hastahili.

Ni mimi niliyechekwa,
Tharsisi

Nimesahau: mwambie Pasikali akisafisha injini aniangalizie mihogo yangu mitatu. Niliifunga kwa majani makavu ya mgomba, nikaichomeka humo hapa Kitahana wakati yeye anaongeza maji, ili tukifika Kabanga niikute imeiva. Nafanya hivyo kila safari. Injini yako inachoma vizuri sana. Siku hiyo sijui iliingiwa na nini.