Ukoko ni Haki ya Mkubwa

Jumapili, 2 Machi

Nimenyang'anywa ukoko tena.

Nitaeleza kwa utulivu. Kila Jumapili jioni tunakula kwa Mama: mimi, mke wangu, na mdogo wangu. Mama anapika wali na mboga mbili. Wali ukiisha, anaubandua ule ukoko wa chini ya sufuria, wa rangi ya dhahabu, mkavu, una mafuta kidogo pembeni, ukiuvunja unalia. Na ukoko huo, tangu tuna meno ya utotoni, unakwenda kwa mdogo wangu. Hoja ni kwamba yeye ni mdogo. Mdogo! Ana kipara. Ana miwani ya kusomea. Mtaa mzima unamwita Kitinda kwa kuwa ni kitinda mimba, naye anaitika bila haya.

Leo nilitamka wazi mezani: ukoko ni haki ya mkubwa. Nikamkumbusha Mama kwamba mimi sikubebwa na mtu. Karakana yangu ya kuyeyusha alumini na kusubu masufuria niliianza na tanuri la kuchimba ardhini, wakati huo Kitinda bado anachongewa penseli. Kitinda akajibu, mdomo umejaa, kwamba yuko tayari kunisikiliza akimaliza kutafuna.

Mama akaweka kijiko chini. Akasema tukigombania chakula chake mara nyingine, meza ya Jumapili inafungwa na kila mtu atakula kwake. Mama hatishii. Tulipogombania baiskeli, aligawa baiskeli kwa jirani.

Basi, bila ugomvi. Kwa akili.

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga hesabu. Ukoko hautokani na mchele, unatokana na kitako cha sufuria. Ukiongeza upana wa kitako kwa nusu, ukoko unakuwa mara mbili na robo. Kitako kikiwa chembamba, moto unapita upesi na ukoko unakomaa. Kwa hiyo ile mara mbili ni yangu, na robo ni ya Kitinda. Hakuna atakayesema sikumfikiria.

Mke wangu alisoma hesabu juu ya bega langu. Akauliza kwa nini nisipike wali hapa nyumbani nikala ukoko mpaka nichoke. Ukoko wa hapa nyumbani ni wali ulioungua. Ukoko wa Mama ni ukoko.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kwa Mama. Nikamwambia masikio ya sufuria yake yamelegea, naichukua nikayakaze. Akauliza kama nitairudisha. Nikamwambia, Mama, sufuria ndiyo kazi yangu. Akasema ndiyo maana anauliza.

Njiani niliikagua. Aibu tupu. Nje nyeusi tii, kifuniko si chake, na ubavuni ina kibonyeo cha kutosha ngumi ya mtoto. Mimi, fundi ninayeheshimika, mama yangu mzazi anapikia gofu!

Ijumaa, 7 Machi

Kazi imekamilika, ila palikuwa na jambo dogo.

Kalibu ya kumiminia sufuria mpya ilikuwa tayari, tanuri linanguruma, alumini ikapungua. Aliyeahidi kuleta vyuma chakavu hakutokea. Sufuria ya Mama ilikuwa pale pale kando ya tanuri, inanitazama. Nikaitia.

Mke wangu alipojua, alikalia ndoo. Nilimwelewesha kwamba hakuna kilichopotea. Alumini ni ile ile, imeyeyuka, imeganda. Kwa hiyo sufuria ni ile ile, imenyooshwa tu. Akasema hayo nikamwambie Mama, na nimwambie nikiwa nimesimama karibu na mlango.

Inang'aa kiasi cha kunyolea ndevu. Wivu ni kitu kibaya.

Jumapili, 9 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Mama aliosha mchele, akautia kwenye sufuria mpya, akainua jagi la maji, mkono ukabaki hewani. Akaizungusha sufuria. Akaizungusha tena. Akauliza kibonyeo kiko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba hakipo tena. Akauliza: sasa maji yaishie wapi?

Kumbe Mama hajawahi kupima maji kwa kikombe. Anamimina mpaka yalambe kibonyeo, basi. Nimekula wali wake maisha yangu yote na hakuna aliyenipa taarifa.

Akakisia. Juu mchele mbichi, katikati uji, chini mkaa. Ukoko ulikuwepo, mara mbili na robo kamili, hesabu zangu hazina kosa, lakini mweusi wote. Kitinda akaninong'oneza kwamba leo ananiachia wote, si mimi ndiye mkubwa.

Mama akauliza sufuria yake iko wapi. Nikasema, hiyo hapo, umeishika. Nikaeleza habari ya kuyeyuka na kuganda. Nilieleza vizuri kabisa. Kitinda, kwa kupenda kujipendekeza, akasema inamuuma sana kwa sababu kibonyeo kile alikiweka yeye, alipoiangusha ngazini akiwa mdogo.

"Wewe nyamaza, hukuwa umezaliwa," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Kile kibonyeo ni kichwa chako. Uliivaa sufuria ukasema wewe ni askari, ukakimbia nayo mpaka kwenye mwimo wa mlango. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Kila nikimimina maji namsikia anacheka."

Akafunika vyakula. Akasema hakuna Jumapili mpaka sufuria yake irudi.

Kitaalamu ilikuwa imesharudi. Sikusema, kwa sababu mke wangu alikuwa amenikanyaga mguu.

Jumanne, 11 Machi

Kitinda amekuja karakana bila kuitwa, na shati jeupe la ofisini. Nikajua amekuja kunicheka. Alikuwa na mfuko wa mchele.

"Kaka," akasema, "mimi kwangu nakula mkate na chai. Jumapili bila kwa Mama ni Jumatatu tu. Tengeneza."

Nimesubu nyingine: kimo kile kile, kitako kinene, upana wa zamani. Kibonyeo ndicho kilitugombanisha. Yeye anadai kilikuwa chini, mimi nadai kilikuwa karibu na katikati. Tukakumbuka kile kigoda cha jikoni, tulivyokuwa tunakipanda kwa zamu kumchungulia Mama akimimina maji bila kujua anapimia nini, na tulivyokuwa tukisukumana mpaka mmoja aingie kwenye kapu la vitunguu. Kitinda akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mimi sikucheka. Nilikohoa.

Nyundo ilitoa kibonyeo chenye kona. Si chenyewe. Nikaitazama sufuria. Nikautazama mwimo wa mlango wa karakana. Nikaivaa. Kitinda akauliza kama niko sawa. Nikakimbia.

Kibonyeo kimekaa vizuri sana. Mimi nililala chini kidogo.

Tukapika uani kujaribu. Mpiko wa kwanza ulitoa uji. Wa pili afadhali. Wa tatu tuliula wima, kwa mikono, na ukoko wake tukagawana nusu kwa nusu. Hilo la nusu kwa nusu lisichukuliwe kuwa desturi.

Mke wangu aliona nundu kwenye paji la uso. Alileta kitambaa cha maji baridi akarudi kwenye shughuli zake.

Jumapili, 16 Machi

Mama aliipokea sufuria kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba kwenye kibonyeo. Akaitazama nundu yangu. Akakitazama tena kibonyeo. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akanyanyuka, akafuta macho kwa upande wa kanga, akamimina maji.

Wali ulikuwa wali. Nilirudia. Kitinda alirudia zaidi, lakini nilinyamaza, nilikuwa najiandaa. Ukoko ukabanduka mzima, kama sahani. Mama akauweka katikati ya meza.

Nilianza kwa adabu. Nikasema ukoko ni haki ya mkubwa, kama inavyojulikana, na isitoshe kichwa kilichotumika ni changu. Kitinda akasema mchele wa majaribio ulikuwa wake. Sauti zikaanza kupanda. Mama akainua mkono.

"Ni haki ya mkubwa?"

Nikasema ndiyo, Mama, umenena.

"Na mkubwa kwenye meza hii ni nani?"

Nikafungua mdomo kusema ni mimi. Mke wangu akakohoa. Nikahesabu upya.

Mama akauvuta ukoko kwake. Akavunja kipande, kikalia. Akatafuna macho amefumba. Akasema alikuwa akigombania ukoko na dada zake tangu akiwa msichana, na tangu atuzae sisi hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye anaupenda.

Aliula wote. Hata makombo aliyaokota kwa ncha ya kidole. Kitinda alikuwa anatazama kama mtu anayeagana na ndugu kituoni. Nami nilitazama hivyo hivyo, ila kwa heshima zaidi.

Nimerudi nyumbani, nimekaa na kalamu. Hali ni hii: wapinzani sasa ni wawili, na mmoja wao ndiye mwenye jiko. Hoja ya ukubwa naiweka kando, imenisaliti. Kuanzia wiki ijayo ukoko ni haki ya mtoto wa kwanza. Tena Mama alipokwenda kunawa nilipima jiko lake: linapokea kitako kipana zaidi, kwa nusu nzima, na kibonyeo naweza kukiweka upya, kichwa ninacho.

Kesho asubuhi nitapita kumwambia masikio ya sufuria yamelegea.