Msomaji wa Ohio Anakuja

Jumatatu, 1 Machi 1954, New York
Barua mia tatu leo! Wake za watu hawaishi bila Bibi Prudence, mshauri wa ndoa wa jarida letu, Sebule ya Martha. Hawajui kwamba Bibi Prudence ni mimi, Orville Tuttle, kapera wa miaka thelathini na tisa. Bi Haskell, msahihishaji wetu, anasema majibu yangu ni upuuzi. Wivu!

Jumatano, 3 Machi
Balaa! Mabel Strand wa Ohio aliwahi kuniandikia kwamba mumewe humfungia viatu kabatini asitoke nyumbani. Nilimshauri ampikie pai ya tufaha. Sasa anajibu: pai imeliwa, viatu bado vimefungiwa. Anapanda treni. Keshokutwa atamwona Bibi Prudence ana kwa ana. Na mhariri mkuu aliapa: siri ikivuja, kazi sina.

Alhamisi, 4 Machi
Nimeazima wigi. Kwenye kioo nafanana na marehemu shangazi Hortense, masharubu yakiwemo. Kunyoa? Kamwe! Nimembembeleza Bi Haskell akalie kiti changu kama Bibi Prudence, nusu saa tu. Kakubali upesi mno.

Ijumaa, 5 Machi
Nilijibanza nyuma ya kabati la mafaili. Mabel aliingia akiburuta mabuti ya mumewe, kayajaza magazeti yasimvuke miguuni. Mdogo kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimemwandikia Bi Haskell maneno ya kusema: subira, tabasamu, pai nyingine. Akaikunjakunja ile karatasi.

"Usirudi kule, mwanangu," akamwambia.

Mabel akaangua kilio. Nikabana pumzi. Vumbi puani. Chafya! Nikaonekana mzimamzima.

Mabel akauliza huyu nani. Bi Haskell akamjibu ndiye mwenye pai.

Mabel hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliniuliza tu:

"Wewe bwana, umewahi kufungiwa ndani?"

Nikasema hapana. Bi Haskell akamshika mkono, wakaenda kununua viatu, kisha kwa dada yake Bi Haskell, Brooklyn. Mlangoni alisimama mhariri mkuu. Alikuwa amesikia yote.

Jumatatu, 8 Machi
Safu ya Bibi Prudence kapewa Bi Haskell. Mimi sikufukuzwa, ila nimetupwa kwenye safu ya malezi ya watoto. Siku mbili nimewaza yale mabuti, na kosa langu nimeligundua: kuchapisha anwani ya ofisi. Halitarudiwa. Mama mmoja wa Iowa anauliza afanyeje, mtoto wake wa miezi minne halali. Rahisi! Nimemwambia amketishe, amweleze kwa upole faida za usingizi. Nimetia sahihi: Nesi Winifred, mama wa watoto tisa.