Jiwe Shahidi na Ng'ombe wa Gasorwe

Mola aliyapa mawe umri, akayanyima ulimi. Ulimi wa ziada akamruzuku Husni wa Nyamugari, mjini Gitega.

Husni alikuwa mgahawani alipowasikia wataalamu wawili wakizungumza. Ndani ya mawe ya chokaa, walisema, madini ya urani hugeuka madini ya risasi polepole, na kwa kuzipima hizo mbili umri wa jiwe hujulikana. Lakini mashine ya kupimia haiaminiki mpaka ijaribiwe kwanza kwa jiwe ambalo umri wake umekwisha kuthibitishwa na maabara nyingi. Na mawe ya namna hiyo ni adimu duniani. Husni akaiacha chai ikapoa. Akaokota kipande cheupe cha sakafu iliyobomolewa, akakiviringa katika hariri, akapanda gari la Muyinga.

Huko Gasorwe, mkoani Muyinga, alimkuta Longino, mkulima aliyerejea kutoka Kibondo, Tanzania. Shamba lake lilijaa mawe meupe, na zizini alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye mimba, tegemeo la nyumba nzima.

Husni akaifungua hariri. "Mzee Longino, we iko tajiri, haujijui tu! Wazungu watanunua haya mawe yako. Lakini bila hili jiwe shahidi, nani atajua umri yake?"

"Unaliuza kiasi gani?" Longino akauliza, macho yamemtoka.

"Kuuza? Astaghafiru! Shahidi akinunuliwa, ushahidi wake iko bure. Mi nakupa zawadi. Na we, kama roho inakutuma, unipe zawadi. Ile ng'ombe, kwa mfano."

Hoja hiyo hata kadhi angeifikiria mara mbili. Ila aliposikia ng'ombe akitajwa, tamaa ilimtoka Longino, akili ikarejea mahali pake. Akawaita majirani washuhudie.

"Nimekupa ng'ombe!" akatangaza.

"Nimepokea!" akajibu Husni, na makofi akayapiga mwenyewe.

"Basi karibu katika ubugabire," Longino akasema, akimshika mkono. "Kwa mila yetu, aliyepewa ng'ombe ni mtu wa aliyempa. Ndama atarudi kwangu, nawe utanilimia. Kesho tunang'oa mawe shambani."

Husni akavitazama viatu vyake vyeupe. "Lakini mi nilikupa jiwe! Si tumebadilishana?"

"Kumbe umeliuza?" akadakia Dorotea, mke wa Longino. "Basi si shahidi tena, shemeji."

Husni akainua mikono. "Bon, chukueni ng'ombe yenu."

"Kurudisha ng'ombe wa zawadi ni tusi," Longino akasema kwa huzuni kubwa. "Faini yake ni pombe kwa wote walioshuhudia."

"Mi ni Mwislamu, mzee wangu, pombe sigusi!"

"Basi Fanta. Hatutaki kukuharibia dini."

Kilima kizima kikanywa Fanta, watoto wakaongezewa, na Husni akashika njia ya Gitega kwa miguu, nauli yake imeishia chupani.

Majirani walipotawanyika, Dorotea akamgeukia mumewe. "Hebu niambie, baba Anisia. Hiyo faini ni mila ya wapi?"

Longino akafunga zizi. "Nitajuaje? Mimi nimekulia Kibondo."