Njegere Kumi na Moja za Mkwe Wangu

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Kuwaandaa Wanaanga.

YAH: KUMWONDOA MKWE WANGU KWENYE ORODHA YA SAFARI IJAYO

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi. Mimi ni Kapitolina Yegorovna Sushkova, mstaafu, mama yake Rimma, na kwa bahati ambayo sikuiomba, mama mkwe wa mwanaanga wako Yefim Luzhin. Nasikia Alhamisi unatia saini orodha ya watakaorushwa mwezi wa tatu. Naomba jina lake ulikate, kwa sababu hizi:

1. Kiangazi chote cha mwaka jana mkwe wangu alikuwa huko juu akifanya utafiti wa kilimo mahali pasipo na uzito. Kwa miezi sita alivuna njegere kumi na moja. Nilizihesabu mwenyewe kwenye televisheni, na mtangazaji alikuwa karibu kulia kwa furaha. Kiangazi hicho hicho mimi, na goti langu bovu, nilichimba magunia tisa ya viazi kwenye bustani yetu nje ya mji. Sikuona mtangazaji.

2. Hizo njegere zenyewe zingekufa wiki ya tatu. Kila Jumapili alipiga simu nyumbani, na Rimma akishaambiwa anapendwa, simu inaletwa kwangu. "Mama, majani yanageuka manjano. Nifanyeje?" Nikamwambia, "Unazizamisha, mwanangu. Maji huko hayateremki, yanang'ang'ania mizizi kama kupe. Punguza maji, washa feni, na uache kuzichungulia kila dakika." Zikapona. Ripoti yenu inasema zilipona "kwa ushauri wa wataalamu walioko ardhini". Mtaalamu huyo, Ndugu Mkurugenzi, alikuwa amevaa aproni na anakoroga supu ya kabichi.

3. Huko juu alikimbia saa mbili kila siku, amefungwa mikanda, bila kufika popote. Aliporudi, daktari wenu akamkataza kuinua ndoo ya viazi, eti mifupa imepungua. Mlichukua mwanamume mzima, mkanirudishia glasi ya kuweka kabatini. Jirani yangu Faina, ambaye mkwe wake ni fundi bomba, huniuliza kwenye ua, "Vipi, shujaa wenu leo karuhusiwa kubeba kijiko?"

4. Hili ndilo kubwa. Siku ya kutua tulikaa mbele ya televisheni, mimi na Rimma. Walisema parachuti litaonekana sasa hivi, na halikuonekana. Nyika tupu na theluji. Rimma aliniminya mkono mpaka kucha zikaacha alama. Kwa dakika saba nilimpenda Yefim kuliko nilivyompenda marehemu mume wangu kwa miaka thelathini na mmoja, na nikamwahidi Mungu kwamba akirudi nitamkaangia chapati za maji kila Jumamosi. Bado nazikaanga. Niliogopa sana, nasema wazi, na hakuna ofisi yenye haki ya kumtia mwanamke wa miaka sitini na minane katika hali hiyo mara mbili.

5. Kama shida yenu ni njegere, nipeni dirisha lolote lenye jua.

Nisalimie katibu wako, wapishi, walinzi wa getini, na hata yule daktari.

Wako, jembe mkononi,
Kapitolina Yegorovna Sushkova

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, Rimma akaisoma barua hii. Amecheka mpaka akakaa chini. "Mama, nyie wawili mnafanana," akasema, kisha akaniambia Yefim mwenyewe alikuandikia jana kuomba aondolewe, kwa sababu mama mkwe wake hataweza kuvumilia kutua mara ya pili. Kuogopa nimeogopa, lakini hilo ni la jikoni kwangu, si la jalada la serikali. Barua zote mbili zitupe. Aende. Humu nimeweka njegere tatu, uzao wa ile moja aliyonifichia kwenye soksi akarudi nayo kutoka huko juu. Azipande kina cha kiungo kimoja cha kidole, na safari hii asizizamishe.